Kutoka Wadi ya Dagoretti hadi Kiti cha Meya: Safari ya Margaret Wambui Kenyatta

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa na afisa wa habari wa kaunti mbele ya wakazi, vikundi vya kina mama na vijana katika ukumbi wa kijamii, Waithaka. Tunayachapisha kwa ombi la waliohudhuria.

Asanteni kwa kuacha shughuli zenu Jumamosi asubuhi, wengine mkiwa mmefunga vibanda na wengine mkiwa mmeacha nguo kwenye beseni, mje kusikiliza historia. Nimeombwa nizungumze juu ya wanawake na uongozi wa jiji hili. Mada hiyo ni pana, na kwa kawaida huishia kwenye orodha ndefu ya majina ambayo mtu akifika stendi ya matatu ameshayasahau. Kwa hivyo nimechagua mwanamke mmoja tu, na nimemchagua kwa sababu alianzia hapa hapa. Alikuwa diwani wa Dagoretti.

Kwanza tuondoe utata wa jina. Nikisema Margaret Kenyatta, vijana wengi wanamfikiria mke wa rais wetu wa nne, yule wa Beyond Zero na mbio za marathoni. Huyo si ninayemzungumzia. Ninayemzungumzia ni Margaret Wambui, bintiye Mzee Jomo Kenyatta na mke wake wa kwanza, Grace Wahu. Alizaliwa mwaka 1928 na kufariki Aprili 2017 akiwa na umri wa miaka 89. Kati ya mwaka 1970 na 1976 alikuwa Meya wa Nairobi.

Magazeti hupenda kuandika kwamba alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa meya wa jiji hili. Mimi nilisomea uandishi wa habari, na mwalimu wetu mmoja alikuwa akitukata maksi kila tulipoandika neno "wa kwanza" bila kuchunguza. Lady Gwladys Delamere, mlowezi, alikuwa Meya wa Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1930, wakati Nairobi haijawa hata jiji, na Mwafrika alikuwa haruhusiwi kupiga kura. Na hata kwa upande wa Waafrika, Kisumu ilitutangulia: Grace Onyango, aliyekuwa mwalimu, alikalia kiti cha meya wa Kisumu mwaka 1965. Kwa hiyo Margaret Wambui ni mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa Meya wa Nairobi. Sifa hiyo inamtosha, hatuna haja ya kumwongezea.

Sasa, kabla sijaendelea, niwaulize jambo. Meya wa Nairobi alikuwa akichaguliwa na nani? Nimeona mikono. Wengi mnasema wananchi. Hapana. Mwananchi alimchagua diwani wa wadi yake. Madiwani wakikutana City Hall, wao ndio waliomchagua mmoja wao awe meya. Huwezi kuwa meya kama hukuwa ndani ya baraza. Na njia ya kawaida ya kuingia ndani ya baraza ilikuwa wadi. Naomba mlishike hilo, kwa sababu karibu kila nitakachosema leo kinategemea hilo.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka aliozaliwa, baba yake alikuwa amefanya kazi kwa miaka kadhaa katika idara ya maji ya baraza la mji wa Nairobi. Alikuwa karani wa stoo na msoma mita. Ndiyo, Mzee Kenyatta alikuwa akizunguka nyumba hadi nyumba akiandika takwimu za mita za maji, kama wale vijana wanaokuja kwetu leo tukiwa tumewafungia mbwa. Alikuwa na nyumba huku Dagoretti na duka dogo aliloliita Kinyata Stores. Mwaka huo huo wa 1928 aliacha kazi ya baraza akawa katibu mkuu wa Kikuyu Central Association. Miaka 42 baadaye, binti yake ndiye aliyekuwa akiongoza vikao vya baraza lile lile. Kila nikipita kwenye korido za City Hall nikiwa na faili zangu, jambo hili hunijia akilini.

Lakini msidhani alilelewa kwenye mapaja ya baba. Mwaka 1929 Mzee alikwenda Uingereza, akarudi kwa muda mfupi, kisha akaondoka tena mwaka 1931 na hakurudi mpaka 1946. Binti aliachwa akiwa mtoto mdogo sana, akamwona tena akiwa mtu mzima. Aliyemlea ni mama, Grace Wahu. Alisoma kwa Wamishonari wa Kiskoti, Thogoto, kisha akaingia Alliance High School, akiwa mmoja wa wasichana wachache mno waliosoma kwenye shule hiyo ya wavulana kabla ya shule ya wasichana kufunguliwa karibu yake mwaka 1948. Baadaye alifundisha kwenye chuo cha walimu cha Githunguri, chuo kilichojengwa kwa michango ya wananchi, ambacho baba yake alikuja kukiongoza.

Oktoba 1952 hali ya hatari ikatangazwa. Mzee akakamatwa, Githunguri ikafungwa, na mwalimu Margaret akabaki bila kazi na bila baba kwa mara nyingine. Kwa miaka yote ya Lokitaung na Lodwar alikuwa mmoja wa watu wa familia waliokuwa wakiandikiana barua na mfungwa yule, barua zilizopita kwanza mikononi mwa maafisa wa serikali ya kikoloni. Mzee aliachiliwa Agosti 1961.

Nimeyasema haya kwa ufupi. Sehemu hii ya maisha yake imeelezwa mara nyingi, na mara nyingi imeelezwa kana kwamba ndiyo sehemu pekee yenye maana: binti wa fulani. Mimi nataka tufike mwaka 1963.

Mwaka huo mambo mawili yalitokea ambayo yanawahusu nyinyi mlioketi hapa. La kwanza, mpaka wa Nairobi ulisogezwa. Kabla ya hapo Dagoretti ilikuwa sehemu ya Kiambu. Kulikuwa mashambani: mahindi, ng'ombe, mashamba yenye hati. Ndiyo maana hata leo wenye ardhi wengi wa Dagoretti wana hati za umiliki wa kudumu, tofauti na mwenzako wa Kilimani mwenye hati ya kukodi ya miaka 99. Mpaka uliposogezwa, mkulima alilala akiwa Kiambu akaamka akiwa jijini, chini ya sheria ndogo za jiji ambazo ziliandikwa zikiwafikiria watu wa Muthaiga. Hebu fikirini maswali aliyokuwa akiulizwa diwani wa kwanza. Je, tutaruhusiwa kufuga? Tutalipa kodi ya ardhi? Maji ya bomba yatafika lini, na kama hayafiki, mbona tunaitwa watu wa jiji? Baadhi ya maswali hayo mliniuliza hata leo nilipokuwa nikiingia mlangoni.

La pili, ulifanyika uchaguzi, na watu wa Dagoretti wakamchagua mwanamke awe diwani wao. Sasa pimeni uzito wa jambo hilo. Bunge la kwanza la Kenya huru halikuwa na mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa. Hata mmoja. Tulipopandisha bendera Desemba 1963, katika viti vyote vile vya Bunge, wanawake wa Kenya walikuwa wakiangalia kutoka nje. Ilibidi tungoje hadi 1969, Grace Onyango aliposhinda kiti cha Kisumu Mjini. Lakini kwenye wadi, kule chini ambako watu wakubwa hawakuwa wakiangalia sana, mlango ulikuwa umefunguka miaka sita kabla. Wapiga kura wa kijiji waliweza kufanya kile ambacho taifa zima lilikuwa bado halijafanya.

Najua mnachotaka kusema. Mzee mmoja hapa mbele ameshatabasamu. "Binti ya Kenyatta nani angemnyima kura?" Ni kweli, mzee wangu, na sitalikwepa. Jina lilisaidia. Nani angedai kwamba halikusaidia, hasa huku ambako baba yake alijulikana tangu enzi za duka? Mtu akijaribu kuwaambia kwamba jina halikuwa na kazi yoyote, mwambieni atafute wajinga kwingine. Ila jina linafungua mlango, halifanyi kazi ya baraza. Tangu 1963 hadi 1970 ni miaka saba ya kuketi kwenye vikao, kusoma hesabu, kusikiliza malalamiko ya mitaro na ada za soko. Charles Rubia alikuwa meya hadi 1967, akaja Isaac Lugonzo hadi 1970, na muda wote huo Margaret Wambui alikuwa diwani miongoni mwa madiwani. Katika miaka hiyo hiyo ya mwanzo ya uhuru aliongoza pia Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, lile lililoanzishwa mwaka 1964 na ambalo miaka ya 1970 lilikuja kumlea Wangari Maathai na miti yake.

Na tutazame waliokosa jina. Mwaka 1969, huku huku Nairobi, Jael Mbogo alisimama dhidi ya Mwai Kibaki, waziri, msomi, mtu ambaye baadaye alikuwa rais. Nusura amshinde. Matokeo yalizozaniwa, na uchaguzi uliofuata, wa 1974, Kibaki alihamia kwao Othaya. Mama Jael hakuwa na baba Ikulu. Wapiga kura walimpa kura hata hivyo. Kwa hiyo tukisema wanawake wa enzi zile walipita kwa majina tu, tunawadhulumu wanawake kama yeye, na tunawadhulumu pia wapiga kura wa Nairobi ambao walikuwa na akili zao.

Sasa tuingie City Hall. Mwaka 1970 mji aliokabidhiwa ulikuwa na watu zaidi ya nusu milioni. Sensa ya 1969 ilihesabu watu 509,286. Kufikia sensa ya 1979 walikuwa 827,775. Kila mwaka wa umeya wake, maelfu ya watu walikuwa wakishuka kwenye mabasi Machakos Country Bus wakiwa na masanduku ya mbao. Na kazi za baraza zilikuwa nyingi kuliko tunavyokumbuka. Mwaka 1969 sheria ilipitishwa iliyoyanyang'anya mabaraza ya wilaya shule za msingi, afya na barabara na kuzirudisha kwa serikali kuu. Nairobi na manispaa nyingine chache ziliachiwa kazi hizo. Shule za msingi za jiji, zahanati, hospitali ya wazazi ya Pumwani ambako nusu ya marafiki zangu walizaliwa, maji, nyumba za kupangisha, masoko, yote yalikuwa ya baraza. Kisha mwanzoni mwa 1974 ile kodi ya kichwa iliyopanda kulingana na mapato, iliyokuwa nguzo ya hazina za mabaraza, ikafutwa. Watu walishangilia, na mimi ningekuwepo ningeshangilia. Lakini kodi ikiondoka na shule zibaki, mhasibu wa City Hall halali usingizi.

Kuna upande wa jiji uliong'aa katika miaka yake. KICC ilifunguliwa mwaka 1973, na Septemba ya mwaka huo Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa zikafanyia mikutano yao ya mwaka humo. Umoja wa Mataifa uliamua makao makuu ya shirika lake la mazingira, UNEP, yawe Nairobi, mara ya kwanza kwa shirika kama hilo kuwekwa katika nchi inayoendelea. Meya ndiye mwenyeji wa jiji. Yeye ndiye huvaa ule mkufu na kusema karibuni. Picha za magazeti za enzi hizo zimejaa mikono ya kusalimiana.

Na kuna upande ambao haukung'aa. Mapema miaka ya 1970 askari wa baraza walikuwa wakibomoa na kuchoma vibanda vya watu waliojenga bila kibali, na kuwafukuza wachuuzi barabarani. Neno "kanjo" tulilonalo leo, ambalo mama mboga akilisikia hukunja turubai kabla hajageuza shingo, linatokana na lile baraza, kaunsili. Lilipata sifa yake mbaya zamani. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti juu ya ajira nchini Kenya, na mojawapo ya mambo iliyosema waziwazi ni kwamba kuwabomolea na kuwasumbua mafundi na wachuuzi wadogo hakuondoi umaskini. Sitawapamba meya na baraza lake kwa jambo hili. Yeye ndiye aliyekuwa kitini. Mimi nafanya kazi kwenye jengo lile lile na bado tunapokea malalamiko yenye harufu ile ile, kwa hiyo siwezi kujifanya kwamba ni ya kale.

Ila mwelekeo ulibadilika kabla hajaondoka. Mwaka 1975 Baraza la Jiji na Benki ya Dunia walikubaliana juu ya mradi wa Dandora. Wazo lake lilikuwa jipya kwetu. Badala ya jiji kumjengea mtu nyumba asiyoweza kuilipia, au kumbomolea ile aliyojijengea, limpe kiwanja kilichopimwa, chenye bomba la maji, maji taka na barabara, kisha ajijengee mwenyewe chumba kimoja kimoja kadiri anavyopata. Viwanja 6,000. Siku hizi ukitaja Dandora watu huwaza jaa la taka na muziki wa kufoka, na kwa kweli viwanja vingi viliishia mikononi mwa wapangishaji. Lakini maelfu ya familia za Nairobi zilianza kumiliki kitu pale. Mimi nadhani hatua ile, ya jiji kukubali kwamba maskini anaweza kujenga ikiwa hatabughudhiwa, ni kubwa kuliko minara yote iliyofunguliwa miaka hiyo. Wapo wanaotofautiana nami ofisini, na tunabishana wakati wa chai.

Aliondoka kwenye umeya mwaka 1976. Hakwenda nyumbani. Aliteuliwa kuwa mwakilishi wa kudumu wa Kenya katika UNEP, kazi aliyoifanya miaka 10. Baba yake alifariki Agosti 1978, serikali ikabadilika, naye akaendelea na kazi. Naomba wale wa "jina tu" walitie hilo kwenye mizani.

Sasa nifike kwenye siku ambazo, kwa maoni yangu, zilikuwa kilele chake, na ajabu ni kwamba ndizo zinazosahauliwa. Julai 1985, kwa muda wa siku kumi na mbili kuanzia tarehe 15, dunia nzima ya wanawake ilikuwa Nairobi. Ulikuwa Mkutano wa Dunia wa kutathmini Muongo wa Umoja wa Mataifa wa Wanawake. Wajumbe wa serikali kutoka nchi 157 walikuwa KICC. Ng'ambo ya pili, Chuo Kikuu cha Nairobi, kulikuwa na wanawake zaidi ya 10,000 waliokuja bila kutumwa na serikali: wakulima, mawakili, watawa, wafumaji, wanaharakati. Mabweni yalijaa. Nyasi za chuo zilijaa mahema na mijadala. Dkt. Eddah Gachukia aliongoza maandalizi ya Wakenya kwa jukwaa hilo la chuoni, na Wangari Maathai aliendesha warsha na kuwapandisha wageni miti. Waliokuwa wakiuza vyondo Soko la Mjini wanaukumbuka mwezi huo hadi leo.

Na ndani ya KICC, mjumbe aliyechaguliwa kuwa rais wa mkutano, anayetoa nafasi ya kuzungumza na kugonga rungu, alikuwa yule diwani wa Dagoretti. Alikuwa na miaka 57.

Nieleze ugumu wa kazi hiyo. Mikutano miwili ya dunia ya wanawake ilikuwa imetangulia, Mexico City 1975 na Copenhagen 1980, na yote ilishindwa kumaliza kwa kauli moja. Copenhagen nchi nne, Marekani, Kanada, Australia na Israeli, zilipiga kura kuikataa hati ya mwisho. Kiini cha ugomvi hakikuwa maji wala uzazi wala mshahara wa mwanamke. Ilikuwa siasa za Mashariki ya Kati, na hasa neno moja, Uzayuni, kuorodheshwa pamoja na ubaguzi wa rangi. Kila mtu aliyekuja Nairobi alijua kwamba neno hilo lingeweza kuuangusha na mkutano huu, na kwamba ukianguka kwa mara ya tatu, wanaume wa serikali nyingi wangesema: mnaona, hawawezi kukubaliana hata wenyewe.

Usiku wa mwisho kikao kilipita saa sita, kikapita saa nane. Ujumbe wa Kenya ukaleta pendekezo: liondolewe neno lile, na mahali pake yawekwe maneno yanayotaja aina nyingine zote za ubaguzi wa rangi. Kila upande ulipata kitu na kukosa kitu, na kufikia alfajiri hati yote, yenye aya 372, ilipitishwa bila kura ya kuipinga. Duniani inajulikana kwa jina la jiji letu: Mikakati ya Nairobi ya Kusonga Mbele. Wanafunzi wa sheria Geneva na New York wanaisoma. Sisi tunaopita KICC kila siku tukikimbilia matatu ya Kawangware hatujui kwamba iliandikwa pale.

Mimi naamini, na haya ni maoni yangu, kwamba mtu anayejua kuendesha kikao cha madiwani wanaogombania soko lijengwe wadi gani, amesomea kazi ya usiku ule. Kujua nani apewe nafasi sasa, nani aachwe apoe, lini uahirishe kwa dakika kumi watu wanywe maji. Mambo hayo hayafundishwi darasani.

Baada ya hapo alirudi nyumbani kwa kazi nyingine ya umma; kuanzia mwaka 1992, vyama vingi viliporudi, alikuwa kamishna wa Tume ya Uchaguzi kwa miaka 10. Hiyo nayo ina hadithi zake, lakini tutaijadili siku nyingine.

Nije leo. Tangu kaunti zianze mwaka 2013, wakazi wa Nairobi wamechagua magavana watatu kwa kura ya moja kwa moja, na wote ni wanaume. Mwanamke mmoja, Anne Kananu, alikuwa gavana kuanzia Novemba 2021 hadi Agosti 2022, lakini aliingia kupitia unaibu gavana baada ya mtangulizi wake kuondolewa. Kwa maneno mengine, wanawake Waafrika walioshika uongozi wa juu wa jiji hili ni wawili, na wote wawili kiti hicho cha juu hawakukipata kwa kura ya wakazi wote. Tofauti yao ni kwamba yule wa 1970 alikuwa ameanza kwa kura ya wadi.

Eneo hili la magharibi limeendelea kuchagua wanawake. Beth Mugo alikuwa mbunge wa Dagoretti kuanzia 1997 hadi 2013. Beatrice Elachi, aliyekuwa seneta mteule kisha Spika wa Bunge la Kaunti, alichaguliwa mbunge wa Dagoretti Kaskazini mwaka 2022. Simpigii debe mtu. Kazi yangu hainiruhusu, na hawa nimewataja kwa sababu ni historia. Lakini teremka kwenye wadi. Dagoretti ya leo ina wadi kumi: Kilimani, Kawangware, Gatina, Kileleshwa na Kabiro upande wa Kaskazini, Mutu-ini, Ngando, Riruta, Uthiru/Ruthimitu na Waithaka upande wa Kusini. Jijini kote ziko 85. Hesabu mwenyewe wanawake uliowahi kuwaona wakigombea udiwani mahali unapoishi, yaani uwakilishi wadi kama tunavyouita sasa.

Katiba, Kifungu cha 177, inasema jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika Bunge la Kaunti, na kura za wadi zisipotimiza hilo, vyama hujaza pengo kwa viti maalum. Mpango huo ni mzuri, na bila huo Bunge letu lingekuwa kama lile la 1963. Ila una jambo moja linalonisumbua. Mwakilishi wa viti maalum hana wadi. Hakuna mtaro unaoitwa wake. Chama kilichompa kiti kinaweza kumpa mwingine uchaguzi ujao, na wapiga kura hawatajua hata kwamba ameondoka. Nimewaona kina mama hodari wakimaliza miaka mitano hivyo. Walichangia miswada, walihoji bajeti, kisha wakatoweka.

Mtaniuliza, basi mtu wa kawaida aanzie wapi? Sheria ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Lazima uwe mpiga kura aliyesajiliwa. Kama huna chama au chama kimekukataa, Kifungu cha 193 kinakuruhusu kusimama kama mgombea huru ukiwa na watu 500 waliosajiliwa katika wadi hiyo wanaokuunga mkono. Watu 500. Kuna vyama vya akiba hapa Waithaka, ukijumlisha na kwaya ya kanisa na kamati ya wazazi wa shule, vinazidi hapo. Uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Usajili wa wapiga kura ni kazi ya IEBC, wala si yetu sisi wa kaunti, lakini ukija ofisi ya wadi tutakuelekeza ofisi yao ya karibu.

Na kabla ya 2027 kuna njia isiyohitaji kura. Kila mwaka kaunti inapoandaa bajeti, sheria inatutaka tuwasikilize wakazi. Vikao hivyo tunavitangaza kwenye jarida hili, redioni na kwenye ubao wa ofisi ya wadi. Katika vile nilivyohudhuria mimi, kina mama hujaza viti vya nyuma na kina baba hushika maikrofoni. Kikao kijacho cha wadi hii, nitaomba maikrofoni ianzie nyuma.

Nimezungumza vya kutosha, na chai iko tayari. Tuna nusu saa ya maswali. Mama mwenye leso ya kijani, umeinua mkono tangu nilipotaja mpaka wa Kiambu, na nadhani ni habari ya kodi ya ardhi. Karibu, tuanze na wewe.